Anayekupa jina lake naye afungwe na mkataba

Shemeji yangu anataka kuuza kuku wa kukaanga hapa Mwanza kwa jina la kampuni ya nje. Juzi alinipa mkataba niusome. Kifungu kimoja kinamtaka afungue matawi mawili kila mwaka, la sivyo mkataba unavunjwa. Kurasa mbili mbele, kingine kinasema hafungui tawi lolote bila idhini ya maandishi ya kampuni, na kampuni inaweza kuinyima idhini hiyo "kwa hiari yake". Nilivipigia mstari kwa kalamu nyekundu vyote viwili.

"Shemeji, mbona umeviunganisha?" akaniuliza.

Nikamsimulia ya Australia.

Mwaka 1971 Jack Cowin, Mkanada aliyehamia huko, alifungua mgahawa wa baga mjini Perth chini ya haki za Burger King, kampuni ya baga ya Marekani. Jina la Burger King hakuweza kulitumia kwa sababu mwenye mgahawa mmoja wa Adelaide alikuwa amekwisha kulisajili. Akaita Hungry Jack's, jina lililotokana na unga wa chapati za maji wa kampuni ya Pillsbury, waliokuwa wakimiliki Burger King wakati huo. Biashara ikakua. Mwaka 1990 wakasaini mkataba mpya: Hungry Jack's ifungue angalau migahawa 4 kwa mwaka katika Western Australia, South Australia na Queensland, yenyewe au kupitia wawekezaji wengine. Kila mgahawa ulihitaji idhini ya Burger King.

Kisha Burger King ikatamani kuingia yenyewe kwenye soko lile. Mwaka 1995 ikasimamisha kuandikisha wawekezaji wapya, ikanyima na idhini nyingine. Migahawa ikakwama. Novemba 1996 ikatoa notisi ya kuvunja mkataba, sababu ikiwa kwamba Hungry Jack's haikufikisha migahawa 4! Umemfunga mtu miguu, halafu unamshitaki kwa kuchelewa.

Nashukuru majaji walikataa. Mahakama Kuu ya jimbo la New South Wales mwaka 1999, kisha Mahakama ya Rufaa mwaka 2001, zilishikilia kwamba mwenye mamlaka ya kutoa idhini lazima ayatumie kwa nia njema, wala hawezi kuyageuza silaha ya kumtoa mwenzake sokoni. Rufaa ilipunguza fidia, lakini bado Burger King ilitakiwa kulipa karibu dola milioni 47 za Australia. Miaka michache baadaye maduka yake yenyewe nchini humo yakabadilishwa kuwa Hungry Jack's.

Naelewa hofu ya kampuni. Mtu mmoja akikaangia mafuta yaliyokwisha kuwa meusi, jina linachafuka mji mzima, kwa hiyo wana haki ya kukagua jiko, kuchagua eneo na kudai mrabaha wao. Ninachokataa ni idhini isiyo na siku wala sababu. Cowin alikuwa na migahawa mingi na uwezo wa kulipa mawakili miaka yote ile. Shemeji ana mkopo wa benki na mashine moja ya kukaangia. Kampuni ikikaa kimya miezi minane tu, amekwisha, na kesi hata haijapangiwa tarehe.

Wenzetu wa Australia hawakuishia mahakamani. Tangu 2015 kanuni zao za franchaizi, yaani biashara ya kutumia jina la kampuni nyingine kwa mkataba, zinazibana pande zote mbili zitendeane kwa nia njema. Sisi mikataba hii tunaisaini chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kama mikataba mingine yote. Natamani wabunge wetu walitazame hili mapema, kabla majina ya nje hayajajaa kila kona na mitaji ya watu haijateketea.

Kwa sasa tumefanya tunachoweza. Tumeandika kipande cha kuongeza: kampuni ijibu ombi la tawi ndani ya siku 30, ikikataa itoe sababu kwa maandishi, na ikikaa kimya ihesabike imekubali. Tawi lililokwama kwa kosa la kampuni lisihesabiwe kuwa pungufu lake kwenye yale mawili ya mwaka. Jumatatu anawapelekea. Nimemwambia wakigoma asisaini, hata kama fremu ya Kirumba ameshailipia kodi ya miezi sita.