Acheni kuziba boksi, pakeni bodi

Boksi la risiva, yaani kifaa kinachopokea amri za rimoti, kwenye lori langu la kuchezea la rimoti nililiziba kwa silikoni mpaka likaumuka kama andazi. Siku ya kwanza nikalipitisha kwenye maji ya kina kifupi katikati ya mawe, upande wa Capri Point hapa Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, likatoka linanguruma. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu magurudumu ya mbele yakaanza kutetemeka yenyewe, halafu lori likazima kwenye maji ya magotini, nikalazimika kuvua viatu na kulifuata. (Na kichocho cha ziwa letu kipo, jamani. Tunahangaika kukinga waya huku miguu yetu wenyewe tunaichovya bure.)

Nilipolifungua nyumbani, ndani mlikuwa na maji ya kujaza kijiko. Yaliingia, yakakosa pa kutokea, kwa sababu nilikuwa nimeziba vizuri mno.

Tangu hapo nina ugomvi na huu ushauri wa "ziba kila tundu". Lori likikimbia juani nusu saa, kidhibiti mwendo (kifaa kinachoipimia mota umeme) kinachemka, na hewa iliyo ndani ya boksi inatanuka na kupenya nje kidogo kidogo. Ukilitumbukiza ziwani ghafla, hewa iliyobaki inapoa na kusinyaa, na boksi linaanza kuvuta. Linavuta kilicho jirani nalo, yaani maji, kupitia pale pale nyaya zinapotokea, hata kama upenyo ni mwembamba kama unywele. Puto la kuvisha risiva ndilo baya zaidi. Hata maji yasipoingia, linatoa jasho kwa ndani.

Mimi nasema maji yaache yaingie, bodi, kile kibao chenye vijidude vya umeme, ndiyo uikinge. Toa risiva kwenye ganda lake, isugue kwa brashi laini na spiriti, iache ikauke kabisa, kisha ipake rangi ya kucha ile isiyo na rangi, mara mbili, mpaka kwenye miguu ya kila kijidude kilicholehemiwa. Soketi na kitufe cha kuunganishia rimoti zibandike utepe kwanza, maana rangi ikiingia humo umeua risiva kwa mkono wako. Muuza vipodozi aliniuliza kama namnunulia shemeji. Nikasema ndiyo, ingekuwa hadithi ndefu. Ukipata vanishi halisi ya kupaka bodi, hiyo ndiyo bora, kwa kuwa rangi ya kucha ni ngumu na hupasuka ikipata joto na mitikisiko. Kwenye kidhibiti mwendo paka bodi tu. Usiguse kile kipande cha alumini cha kupozea, kitashindwa kutoa joto.

Silikoni nayo ina jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Ile ya mafundi wa madirisha ya alumini, yenye harufu kali ya siki wakati inakauka, inatoa asidi ile ile iliyomo kwenye siki, na asidi hiyo inakula shaba. Nilipobandua andazi langu nilikuta miguu ya soketi imeota ukijani. Zipo silikoni zisizo na harufu hiyo, na za umeme ni miongoni mwa hizo. Usiulize jina. Nusa.

Kuna wanaosema ziwa letu ni maji baridi, si chumvi kama kule Dar, kwa hiyo halina neno. Kweli chumvi ni mbaya zaidi, inapitisha umeme vizuri mno. Lakini betri ikiwa imechomekwa na maji yamekaa kati ya chanya na hasi, chuma kinaliwa hata kwenye maji ya ziwa, polepole. Kwa hiyo lori likizama, kitu cha kwanza ni kuchomoa betri. Mchele wa kukaushia hauhusiki. Fundi simu mmoja pale Makoroboi alinicheka: "Kaka, mchele pikia pilau. Leta bodi tuioshe kwa spiriti." Alikuwa sahihi, kwa sababu hata maji yakikauka, uchafu wake unabaki juu ya bodi.

Servo, yaani kimota kinachogeuza magurudumu ya mbele, niliipaka grisi kwenye mhimili na silikoni ya umeme kwenye maungio ya ganda, basi. Mota isiyo na brashi haijali sana maji. Beringi zake ndizo zinazoshika kutu, tone la mafuta kila ukirudi linatosha. Antena isimamishe juu, kwa sababu mawimbi ya gigahezi 2.4 hayafiki mbali ndani ya maji.

Na maandishi ya IPX7, alama ya kuhimili maji inayoandikwa kwenye vifaa, yasikutie kiburi. Maana yake kifaa kilitulizwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kilitulizwa. Hakikupigwa na mawimbi, wala hakikutoka kuchemka juani dakika moja kabla.

Boksi langu la sasa lina matundu mawili chini, niliyatoboa kwa msumari wa moto. Mpwa wangu alishangaa: "Anko, umelitoboa tena?" Jumapili tukaenda naye kwenye mawe yale yale. Lori likapita, likapanda mwamba, na maji yakachuruzika kwenye yale matundu mpaka yakaisha. Akaniomba rimoti.