Diffident Kuhusu Nini, Mwalimu?

Jumatatu nilikuwa sijamaliza hata kufagia kibaraza, mama mmoja jirani yangu, muuza mihogo ya kukaanga wa Barabara ya 12, akaingia dukani na karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakunisalimu. Ukiona mtu wa Tanga kaingia mahali bila salamu, ujue kuna msiba au kuna ripoti ya shule.

Ilikuwa ripoti.

Nina steshenari yangu hapa Ngamiani. Kazi ninayolipwa ni kutoa kopi na kuchapa barua. Kazi nisiyolipwa ni kuwasomea watu Kiingereza walichoandikiwa na watu wanaojua Kiswahili. Karatasi za hospitali, mikataba ya mikopo, masharti ya bima ya pikipiki. Nimeshazoea. Ila hii ya Jumatatu ilinikera, na bado inanikera.

Ripoti yenyewe ilikuwa ya Kiswahili. Alama, nafasi darasani, tarehe ya kufungua shule, michango inayodaiwa. Hasa michango, ilielezwa kwa ufasaha ambao hata asiyejua kusoma angeuelewa. Pahali pamoja tu mwalimu alihamia Kiingereza, nako ni pale kwenye maoni juu ya mtoto. Maneno matatu: "Bright but diffident." Nukta. Sahihi. Muhuri.

Kabla ya kufika kwangu karatasi ilikuwa imepita kwa wakalimani wawili. Wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda pale kijiweni, akasoma "difficult", akamwambia mama, huyu mwanao mgumu, hafundishiki. Wa pili mpangaji wake, msomi wa chuo, akasoma "different", akasema mtoto yuko tofauti na wenzake, tena akalisema kwa ile sauti ya chini inayomfanya mzazi aanze kufikiria waganga. Basi binti, Kidato cha Pili, akala kofi la ugumu baada ya magharibi, na baada ya isha akakalishwa na shangazi zake aeleze hiyo tofauti kaianza lini. Yote hayo kwa neno ambalo hakuna hata mmoja aliyelisoma.

Siwacheki sana. Neno lenyewe hata kwa wenye lugha yao ni la kwenye kurasa zaidi kuliko la sokoni. Diffident ni mtu anayesita kwa kuwa hauamini sana uwezo wake au rai yake. Jibu analijua, ila anamwachia mwenzake alitoe. Si "timid", huyo ni mwoga. Si "insecure", huyo roho haimtulii, hata ukimsifu anatafuta umemaanisha nini. Na mara nyingi Waingereza hulisema kwa upole: mtu mwenye "diffident smile" ana tabasamu la soni, la mtu asiyetaka kujikweza. Halijawahi kuwa neno la kumpigia mtoto kofi.

Kwa asili linatoka kwenye kitenzi cha Kilatini fidere, kuamini, kikabandikwa kiambishi cha kukanusha mbele. Ndugu yake wa tumbo moja ni "confident". Na ile afidaviti tunayoipangia foleni mahakamani kwa sababu herufi moja imekosewa kwenye cheti cha kuzaliwa, nayo ni ya ukoo huohuo. Ninachokipenda zaidi ni kwamba zamani neno hili halikumhusu mtu asiyejiamini. Lilimhusu mtu asiyewaamini wengine. Mwanafalsafa Thomas Hobbes alipoandika mwaka 1651 juu ya mambo matatu yanayowagombanisha binadamu, alitaja ushindani, akataja kutafuta sifa, na katikati yake akaweka diffidence, yaani kushukiana. Baadaye neno likageuza uso. Likaacha kuwashuku majirani, likaanza kumshuku mwenye nyumba.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kumkamata mwalimu. Kuamini ni kitenzi chenye deni. Ukiniambia "naamini" nitasubiri uniambie unaamini nini. Kiingereza nacho kinalijua deni hilo: mtu huwa diffident "about" jambo fulani. Unaweza kusita kuimba usisite kupiga hesabu. Unaweza kusita kutoa rai kikaoni na ukawa nahodha wa jahazi usiyemsikiliza mtu baharini. Mwalimu kaandika neno, kaweka nukta, kaondoka. Kuhusu nini? Kaacha shimo, na kwenye shimo lile kila mtu mtaani katumbukiza lake.

Maana huyu binti namjua. Kwenye maulidi ya mtaani kwetu alishika kipaza sauti akasoma kaswida mwanzo mpaka mwisho, wazee wakitikisa vichwa, sauti haikumtetemeka hata mara moja. Jioni hukaa na mama yake kwenye karai la mihogo, na madereva wa bajaji wenye ugonjwa wa kusahau kulipa wanamjua vizuri. Anasita wapi basi? Anasita pale anapoulizwa swali la Bayolojia kwa lugha aliyoanza kufundishiwa juzi tu, Kidato cha Kwanza, baada ya miaka saba ya msingi kwa Kiswahili. Jibu analo. Analo kwa Kiswahili. Anaanza kulitafutia nguo za Kiingereza, na mpaka amalize kuchagua kati ya "is" na "are", kengele imelia na jibu limetolewa na mtoto aliyelelewa na katuni za Kiingereza. Mchukue mvuvi wa Deep Sea, hapa pwani kwetu Tanga, mpe jembe, mpeleke Lushoto kwenye mteremko, halafu andika kwenye ripoti yake kwamba hajiamini. Wallahi ni yaleyale.

Na tena kuna malezi. Mbele ya mkubwa, macho chini. Usidakie maneno. Usijisifu, ngoja usifiwe. Tunamfundisha mtoto hayo tangu anatambaa, kisha tunampeleka mahali anapopunguziwa alama kwa hayohayo. Bibi yangu, Mungu amrehemu, sikuwahi kumsikia akisema neno "kujiamini". Alikuwa na haya, alikuwa na soni, staha, woga na kiherehere, na kila kimoja alikijua kikao chake. Mwenye soni aliachwa alivyo. Mwenye kiherehere ndiye aliyesemeshwa. Leo vyote tumevisomba tukavitia kwenye gunia moja la "hajiamini", na mdomo wa gunia kakaa jamaa wa semina anayekutoza kiingilio ili upige kelele ukumbini kwamba wewe ni mshindi.

Haya, nikubali kidogo, ingawa roho hainipi. Mficha uchi hazai. Mimi mwenyewe niliwahi kuitwa usaili kwenye ofisi moja, nikaambiwa nijieleze, nikasema "mimi ni mtu wa kawaida tu". Mwenzangu aliyeingia baada yangu alijieleza robo saa, tukamsikia mpaka nje. Sina haja ya kusema nani alipata kazi. Kwa hiyo sisemi soni ni dawa ya kila kitu. Mtoto afundishwe kunyoosha mkono, na afundishwe kukosea mbele za watu bila kufa. Na mwalimu naye ana watoto wengi mbele yake na kisanduku cha maoni chenye upana wa kidole. Lakini kisanduku hichohicho kingetosha maneno "anasita kujibu kwa Kiingereza". Mama angeelewa kabla ya kufika kwa bodaboda.

Nilipomweleza mama haya yote, kwa ufupi kuliko nilivyowachosha ninyi, alikaa kwenye benchi la wateja akaniangalia.

"Soni?" akasema. "Kaka'ngu, si ndiyo niliyomfundisha?"

Akaifunga ripoti kwenye pindo la kanga akaenda zake. Wazazi wetu hawana desturi ya kumwomba mtoto msamaha, lakini saa sita mchana niliona kibarua wake akirudi na kuku wa nusu, na Jumatatu si siku ya kuku.

Jumatano binti mwenyewe akaja. Shikamoo mjomba, marahaba, macho kwenye sakafu. Ana kurasa kumi za kutolewa kopi. Nikamwambia elfu moja.

"Mjomba, si ufanye mia nane."

"Karatasi imepanda bei."

"Imepanda lini? Juzi dada yangu umemtolea kwa mia nane."

Nikatoa kopi. Alipokwisha kuzipanga akabaki amesimama, anakunja ncha ya mtandio, nikajua kuna jambo. Nikamwacha. Nikajifanya nabadilisha wino.

"Mjomba," akasema mwisho wake, "na lile neno la kwanza?"

"Lipi?"

"Lile la mwanzo kabisa. Kabla ya 'but'."

Siku mbili nyumba nzima imegombania neno la tatu. Bodaboda, msomi, mashangazi, mama, na mimi hapa na Kilatini changu. Hakuna aliyemsomea la kwanza.

"Kasema una akili," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akahesabu mia nane juu ya kaunta, akatoka.