Sanduku la Bibi na fungu lisilokuwepo

Huu ni mwaka wangu wa kumi na tatu Saint Paul, Minnesota. Ndugu wakinipigia simu kutoka Dar huuliza yale yale: baridi, mshahara, lini unarudi. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu kodi ya mauzo. Leo nataka niisemee hiyo kodi, maana katika yote niliyoyakuta huku ndiyo iliyonirudisha Kariakoo kwa machozi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mweka hazina wa kikundi cha ngoma cha wanawake. Aliishi Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kwenye nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa nyingi enzi hizo: vyumba sita, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Chini ya kitanda chake lilikaa sanduku la bati la kijani, lina kufuli. Mlikuwa na madaftari matatu ya michango, picha zilizoviringishwa kwenye kitambaa, na doti moja ya kanga iliyokuwa sare yao. Utotoni alinifungulia mara chache, na mikono lazima niwe nimenawa. Nakumbuka mistari iliyopigwa kwa rula, majina kushoto, senti kulia, na alama ya dole gumba kwa asiyejua kuandika. Fulani katoa senti hamsini za mchele wa msiba. Fulani hakutoa, kaenda kuuguza Kisarawe. Ukurasa mmoja ulikuwa na majina mengi kuliko mengine yote, na Bibi akanieleza kwamba ule ulikuwa mchango wa kanga za kwendea mkutano wa TANU pale Mnazi Mmoja.

Anayeijua historia ya mji wetu anajua uzito wa daftari kama lile. Bi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba kabla siasa haijamjua. TANU ilipoanza kusaka wanachama wanawake mwaka 1955, hawa wanawake wa ngoma za lelemama na Bomba ndio waliopiga hodi nyumba kwa nyumba. Hawakuanza na mikono mitupu. Tayari walikuwa na viongozi wao, sare zao, michango yao na orodha za majina. Orodha hizo zilikaa kwenye masanduku kama la Bibi.

Bibi alipofariki warithi tulikuwa wengi na nyumba ikauzwa. Simlaumu mtu, nami mgao wangu nilipokea. Mjomba alilibeba sanduku hadi ofisi moja ya umma akidhani huko ndiko linakostahili. Walilipokea kwa heshima, wakatazama, wakasifu. Kisha wakamwambia hakuna fungu la kushughulikia vitu vya watu binafsi, na kikundi chenyewe hakina usajili. Akarudi nalo kwa bajaji. Likakaa uani kwake Mbagala chini ya turubai, masika ikapita juu yake. Picha alizonitumia kwa WhatsApp siku alipolifungua bado ninazo: madaftari mawili yamegandana kama mkate uliolowa, la tatu mchwa wamelitoboa kutoka jalada hadi jalada. Ilipona picha moja. Wanawake kumi na mmoja mbele ya ukuta wa chokaa, kanga moja wote. Nyuma hakuna jina hata moja.

Huku nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Miezi michache baada ya habari ile, mama mmoja ninayemhudumia aliniomba nimpeleke kwenye chama cha historia cha kaunti aliyozaliwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, akakabidhi picha za marehemu mama yake. Nilitegemea jumba kubwa. Nikakuta vyumba vitatu, mfanyakazi mmoja wa kulipwa, na wastaafu wanne wanaojitolea. Yule mfanyakazi alishika picha ya kwanza kwa kingo, akailaza juu ya karatasi safi, akachukua penseli laini. Akauliza, huyu wa kwanza kushoto ni nani? Na wa pili? Wa tatu mama yule alimsahau, akafumba macho, akataja jina la mtaa, kisha duka, kisha likaja jina la mtu. Dakika ishirini zilikwenda kwa mtu mmoja tu wa pichani. Yote yakaandikwa nyuma kwa penseli, pamoja na jina la aliyesema na tarehe aliyosema. Picha ikaingia kwenye mfuko mwangavu, mfuko ukaingia kwenye boksi la kijivu lisilo na asidi, ili karatasi isiwe ya manjano na kukatika. Nilisimama pembeni nikishindwa kujizuia.

Kwenye rafu ya maboksi palikuwa na alama ndogo, nikauliza ni ya nini. Akaniuliza kama njiani nilinunua chochote. Nilikuwa na risiti ya soda. Akaweka kidole kwenye mstari wa kodi: humo ndimo yalimotoka haya maboksi.

Habari yenyewe ni hii. Tarehe 4 Novemba 2008, siku ile ile aliyochaguliwa Obama, wapiga kura wa Minnesota waliridhia kodi ya mauzo iongezwe kwa tatu ya nane ya asilimia moja, kuanzia 2009 hadi 2034, na wakaliandika jambo hilo kwenye katiba ya jimbo. Sehemu kubwa inakwenda kwenye maji, misitu na bustani za umma. Asilimia 19.75 ni ya sanaa na urithi wa utamaduni. Ukinunua kitu cha dola 100, nyongeza nzima ni senti 37 na nusu, na katika hizo utamaduni unapata senti saba na kitu. Historia inagawana senti hizo saba na sanaa na wengine wengi. Kwa vikundi vya historia, mgawaji ni Chama cha Historia cha Minnesota, ambacho kilianzishwa 1849, miaka tisa kabla Minnesota haijawa jimbo. Ruzuku ndogo haivuki dola 10,000, kwa kukadiria shilingi milioni 25 za kwetu. Kikundi kinaandika kinataka kufanya nini, kwa gharama gani, na wananchi watakionaje kilichopatikana. Wengine wananunua maboksi. Wengine wanaskani gazeti la mji wao au wanarekodi wazee. Wengine wanamlipa mtaalamu aandike historia ya jengo ili liingie kwenye orodha ya kulindwa.

Sisemi huku ni peponi. Hapa hapa Saint Paul kulikuwa na mtaa wa watu weusi ukiitwa Rondo, na kati ya miaka ya 1950 na 1960 barabara kuu ilipitishwa katikati yake, mamia ya familia wakahamishwa. Kumbukumbu za Rondo zinaokotwa sasa na watoto na wajukuu wa waliofukuzwa. Fomu za ruzuku nazo zinachosha, na kikundi kisicho na mtu wa kuandika kinabaki nyuma. Na Aprili 2025 serikali kuu ya Washington ilifuta kwa mpigo ruzuku nyingi za taasisi ya taifa inayofadhili historia na fasihi, mabaraza ya majimbo yakaachwa njiani. Lakini ile senti saba ya Minnesota haikuguswa, kwa kuwa imo kwenye katiba ya jimbo, na rais wa Washington hana ufunguo wa sanduku hilo.

Nyumbani je? Tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Sasa tazama mji wetu: Sultani Majid alianza kuijenga Dar es Salaam miaka hiyo hiyo ya 1860 na akafariki 1870. Kwa hiyo karibu mji mzima, kuanzia Boma la Kale pale baharini hadi nyumba za Kariakoo, umezaliwa nje ya mstari huo, na kila kingine kinasubiri waziri akitangaze. Mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940 umetajwa ndani ya sheria, na ni vizuri umetajwa. Daftari la senti hamsini hamsini la wanawake wa Sikukuu nani atalitangaza?

Fedha nazo zina njia zake. Boma la Kale limekarabatiwa vizuri, nimepita humo na nikafurahi, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Nashukuru kwa dhati. Ila mfadhili wa nje akija anakwenda kwenye kuta za mawe ambazo hata yeye anazifahamu. Hawezi kujua kwamba chini ya kitanda cha bibi fulani Ilala kuna sanduku. Serikali yetu nayo imeufufua Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, unatoa mikopo kwa wasanii, na kuna vijana wamenunua kamera na vyombo vya muziki kwa mikopo hiyo. Halmashauri zinatoa ile mikopo inayotokana na asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Yote mema. Lakini ni mikopo. Mwenye kuuza batiki atauza arejeshe. Anayemrekodi mzee wa miaka tisini kabla hajaondoka atarejesha na nini? Kazi hii haina faida ya kugawana, inataka ruzuku.

Nikilisema hili kwenye kundi letu la familia, kaka yangu mmoja hunijibu kwamba zahanati hazina dawa na mimi nataka maboksi. Namheshimu, na hoja yake si ndogo, kwa sababu anaishi huko na mimi siishi. Jibu langu ni moja. Wale wanawake kumi na mmoja walikuwa maskini kuliko sisi, wakichanga mchele wa msiba kwa senti hamsini, na bado katika umaskini ule walimteua mtu wa kuandika na wakamnunulia daftari na rula. Hawakuona kwamba kuandika kunapunguza mchele.

Ninachokiomba ni kidogo na kina mahali pa kutoka. Kariakoo iko chini ya Halmashauri ya Jiji, ambayo tangu 2021 ni ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Kila wiki nyumba za Kiswahili zinashushwa na maghorofa yanapanda, na kila ghorofa limelipiwa kibali cha ujenzi. Sehemu ndogo ya ada hiyo, ndogo kweli kweli, iwe fungu la kumbukumbu za mitaa. Na kabla nyumba haijashushwa, ipigwe picha ndani na nje, na wenyewe waulizwe nani aliishi humo. Kikundi kipewe milioni mbili au tatu kwa barua ya serikali ya mtaa, kisidaiwe katiba na usajili wa Wizara ya Mambo ya Ndani kana kwamba kinaanzisha chama kikubwa. Mtasema hela italiwa. Itolewe kwa awamu mbili, ya pili baada ya kazi kuonekana, na majina ya waliopewa yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa ambapo majirani wanasoma. Nakala moja ibaki mtaani, nyingine iende Nyaraka za Taifa.

Kazi haitakosekana. Dansi la Dar lilikuwa na Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Kilwa Jazz. Wapiga magitaa wao wangapi bado wako hai, na nani amewakalisha chini? Taarabu ilikuwa na Egyptian na Al-Watan. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936, na kila siku tunabishana kuhusu mabao wakati wazee wa matawi wanaondoka na hadithi za nani alitoa nyumba ikawa klabu. Soko la Kariakoo alilolichora Beda Amuli liliungua Julai 2021. Tunazungumza sana juu ya paa lake, na ni paa zuri. Mama aliyeuza viungo chini ya paa lile tangu limefunguliwa, je, kaulizwa?

Mimi sikusubiri fungu. Mwaka huu nilimtumia binamu yangu ile picha moja iliyopona, akaipeleka Magomeni kwa bibi mmoja tuliyeambiwa alikuwa binti mdogo kwenye kikundi kile. Binamu alimpa simu nikamwamkia. Akaniuliza mimi ni mjukuu wa nani, nikamtajia. Akanyamaza, halafu akacheka, akasema bibi yako alikuwa mkali wa hesabu, ukichelewesha mchango anakusoma jina mbele za watu. Kisha akaanza kushika picha, nasikia kidole chake kikigonga meza. Huyu mrefu ni somo yangu. Huyu aliolewa Kilwa. Huyu mwenye mkufu ndiye alikuwa akitunga nyimbo. Wa nne kutoka kulia, ambaye familia nzima tumeaminishana kwa miaka kuwa ni Bibi, akasema siye. Bibi ni yule aliyejificha nusu nyuma, mwenye daftari kwapani. Sikuwa nimewahi kuliona lile daftari pale pichani.

Majina manne tunayo sasa, na Bibi wa tano. Natua Dar wiki ya pili ya Desemba, nikiwa na kinasa sauti, penseli laini na picha iliyosafishwa kwa ukubwa wa meza, kwa sababu macho ya yule bibi wa Magomeni yamechoka. Sita waliobaki ameniambia nisiwe na haraka, atawakumbuka akiwaona vizuri.