Kadi nyekundu ya mapema haijawahi kuua dabi

Aprili 2, 2025, dabi, yaani mechi ya watani wa mji mmoja, ya Liverpool na Everton pale Anfield ilikuwa ndiyo kwanza imefika dakika ya 11. Mpira uliangukia katikati ya James Tarkowski, beki wa Everton, na Alexis Mac Allister wa Liverpool, Tarkowski akauwahi. Aliupiga safi, na hilo hakuna anayelibishia. Ila mguu haukuishia kwenye mpira. Uliendelea mbele umenyooka, soli ya kiatu ikitangulia, ukamshukia Mac Allister mguuni, chini ya goti. Refa Sam Barrott akatoa kadi ya njano. Paul Tierney, aliyekuwa kwenye VAR (mwamuzi msaidizi wa video), akaangalia na kuiacha ibaki njano. Baadaye PGMOL, chombo kinachosimamia waamuzi wa soka la kulipwa Uingereza, kikakubali kwamba Tarkowski alipaswa kutolewa nje.

Waliomtetea Barrott walikuwa na hoja, na si za ushabiki mtupu. Beki alicheza mpira, na mtu aliyeingia kwa kasi ile hawezi kuurudisha mguu nyuma ukiwa tayari hewani. Picha za marudio ya polepole nazo zinapotosha: ukiisimamisha picha pale soli ilipogusa mwili, karibu rafu yoyote itakutisha. Tena msimu ule Ligi Kuu ya Uingereza ilisisitiza kwamba uamuzi wa refa wa uwanjani uheshimiwe, VAR iingilie penye kosa la wazi tu. Na nyuma ya hoja hizo zote ipo nyingine ambayo ndiyo yenye nguvu kweli: hii ni dabi, dakika 80 bado zipo, watu wamesubiri miezi. Refa usituharibie mechi. Ombi hilo tunalijua vizuri. Wiki ya Simba na Yanga utalisikia Dar es Salaam nzima, na Nairobi utalisikia Gor Mahia wakikaribia kukutana na AFC Leopards.

Hoja ya "kagusa mpira" ndiyo nyepesi kuliko zote, ingawa ndiyo inayopigiwa kelele zaidi. Sheria ya 12 ya soka inamtaja mchezaji anayemrukia mwenzake kwa mguu mmoja au miwili, iwe kutoka mbele, ubavuni au nyuma, kwa nguvu kupita kiasi au kwa namna inayohatarisha usalama wake. Huyo anatoka. Kuugusa mpira hakumwokoi, na sheria haisubiri mtu avunjike ndipo kadi itoke. Kinachopimwa ni namna ulivyoingia. Kama mwenzako amenyanyuka na kuendelea kukimbia, tumshukuru Mungu, lakini bahati yake haiwezi kuwa utetezi wako.

Ndiyo maana narudi kila mara kwenye mechi ya Januari 8, 2012. Manchester City, mabingwa watetezi wa Kombe la FA, walikuwa nyumbani dhidi ya Manchester United, raundi ya tatu. Wayne Rooney wa United alishafunga dakika ya 10. Dakika ya 12 nahodha wa City, Vincent Kompany, akaufuata mpira uliokuwa miguuni mwa Nani kwa kujirusha, miguu yote miwili ikiwa imeacha ardhi. Mpira aliupata. Nani hakuumia. Refa Chris Foy akachomoa nyekundu, na nusu ya dunia ya soka ikamgeuka. Kocha wa City, Roberto Mancini, alilalamika, City wakakata rufaa, rufaa ikatupwa, na kwa kuwa Kompany alishatolewa mara moja msimu ule, akafungiwa mechi nne.

Ukiwauliza wanaotaka refa "aiache dabi ichezwe", hiyo ndiyo mechi yao ya ushahidi. Hakuna majeruhi, mpira umechukuliwa, na robo saa haijafika timu moja imebaki na watu 10. Lakini tuendelee na mechi yenyewe. Hadi mapumziko United walikuwa mbele 3-0. Kipindi cha pili kikaanza, Aleksandar Kolarov wa City akapachika mpira wa adhabu. Dakika ya 65 mwenzake Sergio Agüero akafanya 3-2. United waliokuwa na mtu wa ziada walimaliza wakihangaika kuulinda ushindi, pamoja na kwamba walimwingiza Paul Scholes, aliyekuwa amestaafu na kurejea uwanjani siku hiyohiyo. Ni dabi ngapi za watu 22 zimetupa kipindi cha pili kama kile? Kompany naye alitumikia adhabu yake akarudi, na Aprili 30 akafunga kwa kichwa bao pekee la dabi nyingine, bao lililoirudisha City kileleni kuelekea ubingwa. Nyekundu ya Foy haikuiharibu mechi, na mchezaji aliyepewa haikumwachia kovu lolote.

Sasa ilinganishe na mechi ya Oktoba 17, 2020, Goodison Park, tena Everton na Liverpool. Dakika ya sita kipa wa Everton, Jordan Pickford, alimrukia beki wa Liverpool, Virgil van Dijk, mguu wake ukamnasa gotini. VAR ikachunguza kuotea, na kweli Van Dijk alikuwa ameotea, kwa hiyo penalti haikuwepo. Ila kuotea hakufuti kadi. Rafu ya kuhatarisha mtu inaadhibiwa hata mpira ukiwa umesimama, na hapo ndipo mashabiki wengi wanapokosea hadi leo. Hakuna kadi iliyotoka, hata ya njano. Van Dijk alitoka akichechemea, kano ya goti imechanika, akafanyiwa upasuaji na hakucheza tena msimu ule. Refa Michael Oliver alikuja kusema kwamba walizama mno kwenye suala la kuotea, kadi hawakuifikiria ipasavyo. Dakika ya 90 ya mechi hiyohiyo, mbele ya refa huyohuyo, Richarlison wa Everton alimvaa Thiago wa Liverpool, na nyekundu ikatoka papo hapo.

Dakika ya sita hakuna kitu, dakika ya 90 nyekundu. Mwaka 2001 Roy Keane wa United alipomvaa Alf-Inge Haaland wa City gotini kwenye dabi ya Manchester, mechi ilikuwa imebakiza dakika chache na refa David Elleray hakusita kutoa nyekundu. Barrott, dakika ya 11, alitoa njano. Foy, dakika ya 12, alitoa nyekundu, na ni yeye aliyeitwa mharibifu. Najua mifano michache haijengi kanuni, na mwaka 2020 suala la kuotea lilivuruga mambo. Hata hivyo mtu aliyetazama dabi nyingi anaijua hali hii. Nyekundu ya mwisho wa mchezo haimgharimu refa chochote. Ile ya mwanzo itamfuata wiki nzima. Basi robo saa ya kwanza inakuwa muda wa msamaha, na wachezaji si wajinga, wanalijua hilo. Ndiyo maana beki anamkaribisha winga kwa rafu moja nzito mapema, kumpima moyo. Anayelipa gharama ya huruma hiyo ni mwenye mpira mguuni. Kano ya goti ikikatika dakika ya sita, ni sawasawa na ikikatika dakika ya 90.

Wanaosema dabi ina joto lake hawajakosea. Hakuna mechi iliyotoa kadi nyekundu nyingi katika historia ya Ligi Kuu ya Uingereza kuliko Liverpool na Everton. Lakini joto hilo kwangu ni sababu ya kuwalinda watu zaidi.

Penye uzito wa kweli upande wao ni uwiano. Siku tatu baada ya nyekundu ya Kompany, kwenye uwanja uleule, nusu fainali ya Kombe la Ligi, Glen Johnson wa Liverpool alimwingia Joleon Lescott wa City kwa miguu miwili na hakupewa kadi. Kompany alikuwa nje akitumikia adhabu. City walifungwa 1-0. Mancini alikuwa na kila haki ya kuwaka, na kadi ya Foy haimjibu. Kosa la usiku ule lilikuwa kumwacha Johnson. Ukitumia kosa hilo kumfuta Foy, utabaki na rafu mbili zisizoadhibiwa badala ya moja.

VAR ililetwa kwa ajili ya kina Johnson, na hapo ndipo kosa la Tierney linapouma zaidi kuliko la Barrott. Barrott aliona mara moja, kwa kasi, akiwa amezungukwa na watu wanaopiga kelele. Tierney alikuwa na picha zote. Malalamiko kuhusu picha za polepole yanatibika: rafu itazamwe kwanza kwa kasi yake halisi ili nguvu ionekane, kisha picha isimamishwe kuona tu soli imetua wapi. Na kwenye kioo cha mtu wa VAR, saa ya mchezo ifichwe mpaka aamue.