Lupita hakuichezea bahati yake

Kila mwaka, tamasha la filamu la ZIFF linapojaza watu Ngome Kongwe, mabaraza ya Mji Mkongwe hayakosi anayesema kuwa muigizaji wa Kenya, Lupita Nyong'o, alipata Oscar akaiacha ipoe. Hoja hiyo ina mashiko. Alishinda Machi 2014 kwa 12 Years a Slave, filamu yake ndefu ya kwanza, ikapita miaka mitano hadi filamu ya Us, Machi 2019, ndipo studio kubwa ya Hollywood ikampa filamu awe ndiye mhusika mkuu. Katikati tulimsikia kuliko tulivyomuona: Star Wars ya 2015 ilimfunika kwa sura ya kompyuta, The Jungle Book ya 2016 ikachukua sauti tu. Na muigizaji asiyeonekana husahaulika.

Miaka mitano hiyo mimi siachi kuirudia. Wanaomlaumu huihesabu kana kwamba ni yeye aliyeipanga. Mwenyewe ameeleza kuwa alitaraji tuzo imfungulie nafasi za mhusika mkuu, badala yake akaletewa kazi za kucheza mtumwa tena. Tuzo kubwa kuliko zote, kisha anaambiwa arudi kwenye minyororo! Sisi wa Unguja tulipaswa kuwa wa kwanza kumfahamu. Pale Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, wageni huja kutazama minyororo, na ni nadra kusikia swali la mtu aliyefungwa alikuwa mkulima wa wapi au mama wa nani. Patsey, mtumwa ambaye Lupita alimcheza katika 12 Years a Slave, alikuwa na jina, machozi na hasira zake. Walioleta maombi yale waliona mijeledi tu.

Tena hakukaa bure. Mwaka 2016 alisimama jukwaani Broadway, New York, katika mchezo wa Eclipsed, akateuliwa kuwania Tony, tuzo ya michezo ya jukwaani, na mwaka huohuo akacheza mama wa mtaa wa Katwe, Kampala, katika Queen of Katwe. Jukwaa la New York halifiki kwenye ving'amuzi vyetu, basi tukaona hakufanya kitu. Na kabla ya umaarufu wote huu, 2009, aliigiza katika tamthilia ya Shuga jijini Nairobi na kuongoza In My Genes, filamu ya maisha ya watu wenye ualbino Kenya.

Nawapa wapinzani jambo moja, nalo si dogo. Kukataa kunataka uwezo, na mwenye Oscar mkononi anao. Msichana wa Unguja aliyecheza mke mkorofi mara moja huletewa mke mkorofi kila tamthilia, na huitwa hivyo hivyo hata sokoni Darajani. Akikataa nafasi ya namna hiyo, watayarishaji humwita mwenye maringo, na simu haipigwi tena.