Kompyuta za shule zilizolala: tuwaazime watafiti?

Likitajwa huku Mtwara wazo la kuunganisha kompyuta zisizo na kazi ili zipige hesabu za watafiti, pingamizi la kwanza ni LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ni haki. Chumba chenye mashine 20, kila moja ikiongeza wati 60 kwa saa 10, kinakula uniti 12 za ziada kwa usiku, na anayebanwa ni mkuu wa shule ambaye hata chaki anazihesabu.

Pingamizi la pili lina uchungu zaidi: kwamba tutawafanyia kazi wengine, wao waondoke na faida. Watu wa Lindi wana sababu ya kusema hivyo. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, wapagazi wakaibeba hadi bandarini Lindi, na mjusi yule mkubwa hadi leo amesimama Berlin.

Hata hivyo, naona wanaotetea wazo hili hawajasikilizwa vya kutosha. Mradi wa MalariaControl.net, wa Taasisi ya Kitropiki ya Uswisi, uliiga kwa hesabu namna malaria inavyosambaa Afrika. Katika majaribio ya mwanzo, watu 500 waliojitolea kompyuta zao walimaliza kwa miezi michache kazi ambayo kompyuta moja ingeifanya kwa miaka 150. Hebu igawanye: kila mmoja alitoa chini ya miezi 4 ya mashine yake. Miaka 150 hakuna mtafiti wa kuisubiri, kwa hiyo bila kuunganisha kompyuta nyingi hesabu zile zisingeguswa kabisa. Na zilituhusu sisi, maana malaria bado inaumiza watoto wetu Mtwara na Lindi.

Bando si tatizo kubwa kama inavyodhaniwa. Programu ya BOINC, inayounganisha kompyuta za kujitolea namna hii, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, hupakua kipande cha kazi, hupiga hesabu bila mtandao, kisha hutuma majibu mtandao ukipatikana. Unaweza kuipangia saa za kufanya kazi na kiasi cha nguvu ya mashine itakachotumia.

Tena programu hiyo ni ya bure, na mwenye seva, yaani kompyuta kuu ya kugawa kazi, anaweza kuanzisha mradi wake mwenyewe. Naliendele, hapa Mtwara, kuna watafiti wa korosho. Mkulima wa Newala anapuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ukungu unaoshambulia mikorosho, na akichelewa ugonjwa unamalizia maua. Kupima kwa hesabu maelfu ya ratiba za kupuliza, kwa misimu ya joto na unyevu tofauti, ni kazi inayofaa kugawiwa kompyuta nyingi.

Kwa hiyo naunga mkono, ila uniti zisilipwe na shule, majibu yatolewe wazi kwa wote, na maswali ya kusini yapewe nafasi ya kwanza. Seva inahitaji fedha na fundi wa kuihudumia. Halmashauri zigharamie hayo kabla ya kununua kompyuta nyingine za kufunikwa vitambaa.