Tasa mwenye pacha

Juzi jioni nilikuwa nimekaa mkekani na mpwa wangu wa darasa la tano, tuna vizibo vya soda kibao, nikamwambia chukua 12 uvipange kwenye mistari iliyo sawa. Akapanga mitatu ya vinne vinne, akavuruga akapanga miwili ya sita sita. Haya, ongeza kimoja. Hapo ndo akaanza kuhangaika, akipanga miwili kinabaki kimoja, mitatu kinabaki kimoja, minne hivyohivyo, mitano vinabaki vitatu, mwisho akasema mjomba hii 13 haitaki, inakubali mstari mmoja tu mrefu.

Nikamwambia ndo maana inaitwa namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Hilo neno nalipenda mno, aliyelichagua alikuwa na jicho. Halafu utamu ni kwamba hawa tasa wengine wana mapacha: 11 na 13, 17 na 19, 29 na 31, 41 na 43, wamepishana mbili tu. Chini ya 100 utapata jozi 8. Na angalia anayekaa katikati yao, 12, 18, 30, 42, wote wanagawanyika kwa 6! Ukitoa 3 na 5 huko mwanzoni, haijawahi kukosea wala haitakosea, kwa sababu kwenye namba tatu zinazofuatana lazima moja igawanyike kwa 3, wale wawili wa pembeni ni tasa hawawezi, basi ni huyo wa kati, na yeye pia ni shufwa. Mimi siku nimeielewa hii nilitembea nayo kichwani wiki nzima.

Sasa swali. Tasa haziishi, hilo Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alilimaliza miaka kama 2300 iliyopita: chukua tasa zote ulizonazo, zizidishe, ongeza 1, jibu ukiligawa kwa yoyote kati ya hizo linabaki 1, kwahiyo kuna tasa nyingine hukuwa nayo. Ukianza na 2, 3, 5 na 7 unapata 211, tasa mpya kabisa. Lakini mapacha je, nao hawaishi? Mpaka leo hakuna binadamu aliyethibitisha. Swali ambalo mtoto wa darasa la tano analielewa akiwa na vizibo, limewashinda mabingwa wote wa dunia!

Na hapa ndo namleta mtu wangu, Yitang Zhang. Amezaliwa China mwaka 1955, Mapinduzi ya Utamaduni yakamkatia shule akapelekwa kulima, chuo kikuu kaingia akiwa na miaka 20 na kitu. Akaenda Marekani, akapata udaktari wa hisabati mwaka 1991, na kazi ya chuo hakupata. Miaka ikapita anafanya vibarua, mara kushika mahesabu ya watu, mara kwenye mgahawa wa Subway. Mwaka 1999 ndo akapata kufundisha Chuo Kikuu cha New Hampshire, akawa mwalimu wa kawaida tu ambaye hakuna aliyekuwa anamfuatilia.

Mwaka 2012 akiwa uwani kwa rafiki yake huko Colorado, anangoja wanyama jamii ya paa wapite, wazo likamjia. Aprili 2013 akatuma kazi yake kwenye jarida la Annals of Mathematics, na wiki chache tu ikakubaliwa, wakati makala za hapo hukaa miezi mpaka miaka.

Alithibitisha nini? Chukulia namba ni barabara isiyo na mwisho na tasa ni vituo vya daladala. Kadiri unavyokwenda mbele vituo kwa wastani vinazidi kuachana, na kabla ya Zhang hakuna aliyeweza kukuhakikishia kwamba huko mbele sana bado utakutana na viwili vilivyokaribiana. Yeye akasema utakutana navyo, tena bila mwisho, na umbali kati yao hauzidi 70,000,000. Mtu atasema milioni 70 si nyingi mno wakati tunataka 2? Jamani, mwanzo hakukuwa na kikomo chochote! Wenzake wakaivamia, James Maynard akaishusha mpaka 600, na mwaka 2014 ikafika 246. Imebaki hapo.

Alipotoa hiyo kazi Zhang alikuwa anakaribia miaka 60, na ndo maana nampenda kuliko wale wote tunaohadithiwa walikuwa majiniasi wakiwa watoto. Darasani tunamsifia anayenyoosha mkono wa kwanza, anayechelewa tunamwambia hesabu si yako, nami naona tunawapoteza wengi sana hapo. Mtu anayeweza kukaa na swali moja miaka na miaka bila kupigiwa makofi, huyo ndo hesabu inamhitaji.

Mpwa wangu kaendelea mwenyewe kwenye daftari. Jana kaniletea 101 na 103, halafu 107 na 109, halafu akakwama, baada ya 113 anagawa kila namba na zote zinagawanyika, 119 akaishangaa kabisa alipoona ni 7 mara 17. Akaja kuniuliza mjomba ndo wameishia hapa? Sikumjibu. Leo asubuhi kabla ya kwenda shule kaja mbio na daftari, kaandika kwa kalamu nyekundu: 137 na 139.